Tundu la fukusi, tundu la nyigu: jinsi ya kusoma kilichomo ndani ya punje ya kunde

Mwaga kiganja cha kunde zilizobunguliwa kwenye sahani nyeupe, uisogeze karibu na mwanga. Matundu mengi ni mviringo safi, kama yaliyotobolewa kwa msumari wa moto. Sasa tulia, tazama tena. Utakuta machache ambayo ni madogo zaidi, kingo zake zimetafunwa ovyo, hayakukaa sawa. Kwenye tundu kubwa alitoka fukusi. Kwenye lile dogo alitoka aliyemla fukusi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku Dodoma, na kazi hii ninaifanya na wanafunzi wa klabu kila baada ya mavuno. Haihitaji maabara. Inahitaji makopo, kitambaa, daftari na subira ya kama mwezi mmoja na nusu. Mkulima akiifanya mara moja tu hatatazama tena gunia lake kwa jicho lile lile, maana swali halitakuwa "ninyunyizie dawa gani" bali "hawa wameingia lini".

Wahusika

Fukusi wa kunde, kwa jina la kitaalamu Callosobruchus maculatus, ana urefu wa milimita 3 hivi, rangi ya kahawia yenye mabaka meusi, na mbawa ngumu ambazo hazifiki mwisho wa mwili, kwa hiyo sehemu ya nyuma inabaki wazi kama mtoto aliyevaa shati fupi. Ukimgusa anakunja miguu na kujifanya maiti. Mdudu mzima hana haja ya kula. Anaishi wiki moja au mbili, anapandana, anataga, anakufa. Shida ni huko kutaga: jike mmoja anaweza kuacha mayai yapatayo 100.

Yai linagandishwa juu ya punje kama tone la gundi. Buu akianguliwa hatoki nje hata kidogo. Anachimba moja kwa moja chini ya yai, anaingia kwenye punje, na unga wa uchimbaji wake unajaza ganda la yai nyuma yake. Ndiyo sababu yai bichi huwa angavu na yai lililokwisha anguliwa huwa jeupe pe. Humo ndani anakula na kukua, na karibu na kuwa pupa (hatua ya kutulia kabla ya kuwa mdudu mzima) anakula hadi chini ya ngozi ya punje, akiacha utando mwembamba wa mviringo. Sisi tunauita dirisha: doa la kijivu ambalo ukilibonyeza kwa ncha ya sindano linabonyea. Kwenye joto la nyuzi 30 safari yote, kutoka yai hadi mdudu kusukuma dirisha na kutoka, huchukua wiki 3 hadi 4.

Nyigu wenyewe usiwafikirie wale wa kwenye dari wanaouma. Hawa ni vinyigu wa milimita 2 hadi 3, weusi, hawana habari na mtu. Anayejulikana zaidi kwa kuwaandama fukusi wa kunde ni Dinarmus basalis. Mtazame jike akiwa kazini na lenzi ya mkono, inafaa muda wako. Anatembea juu ya punje akiigongagonga kwa vipapasio, anasimama, anarudi nyuma hatua moja, anainua tumbo na kushusha mrija wake wa kutagia, mwembamba kuliko unywele, hadi unapenya punje. Mle ndani kuna buu ambaye yeye hajawahi kumwona. Anamchoma akapooza, kisha anataga yai juu yake. Mtoto wa nyigu akianguliwa anamkuta chakula hakikimbii.

Kuna na mwingine, Anisopteromalus calandrae, ambaye hushambulia pia fukusi wa mahindi. Kuna jamii ya Uscana, wadogo chini ya milimita 1, ambao hawangoji buu: wanataga ndani ya yai la fukusi, na yai hilo linageuka jeusi. Hao wamechunguzwa sana Afrika Magharibi, Niger na Benin. Na huko huko amechunguzwa mjanja anayeitwa Eupelmus vuilleti, ambaye anaweza kumtagia buu aliyekwisha tagiwa na Dinarmus, akaua yai la mwenzake na kumiliki mawindo. Kwa hiyo usiwahesabu nyigu wote kuwa upande wako. Wengine wanapigana wao kwa wao, na fukusi ndiye anayefaidi.

Hatua ya 1: Kusanya kutoka sehemu tatu

Unataka kunde za shambani, za stoo na za sokoni. Kila moja inasimulia wakati tofauti.

Za shambani zichume zikiwa bado kwenye ganda, maganda yaliyokauka juu ya mmea, na usizibangue. Watu wengi huamini fukusi huzaliwa stoo, "kwa sababu ya joto". Hapana. Fukusi huruka kwenda shambani kunde zinapoanza kukauka na kutaga juu ya ganda, na buu hutoboa ukuta wa ganda hadi kwenye punje. Unapoleta mavuno nyumbani umeleta na wageni, wachache sana kiasi kwamba huwaoni.

Za stoo chukua zilizokaa mwezi mmoja au miwili. Kama kuna gunia la juu na la chini, chota kote kote, na chota katikati pia, si juu tu.

Za sokoni ndizo zenye kichekesho chake. Mwaka jana nilimwendea mama mmoja anayeuza nafaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kunde safi hizi, kisado bei ya asubuhi."

"Nataka zilizobunguliwa."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Zilizobunguliwa? Hizo nampelekea kuku." Kisha akainama chini ya meza akatoa ndoo. "Za kuku nakupa bure, ila usiwaambie wateja wangu."

Muulize muuzaji swali moja kabla ya kuondoka: zimewekwa dawa? Kama zimewekwa, ziache. Utapata kopo la wadudu waliokufa na hutajua chochote, na zaidi ya hapo si kitu cha kushikwashikwa na watoto.

Hatua ya 2: Andaa makopo

Makopo matatu ya plastiki angavu yenye mdomo mpana, ya siagi ya karanga yanafaa kabisa. Osha, kausha juani. Toboa mfuniko tundu kubwa la kupitisha hewa, kisha funika mdomo kwa kitambaa na kukibana kwa raba au kwa mfuniko wenyewe.

Kitambaa gani? Hapa niliungua. Mara ya kwanza nilitumia kipande cha chandarua, nikaona nimefanya jambo la maana. Siku ya 20 fukusi wakaanza kutoka, wakajaa. Nyigu hata mmoja. Nikawaambia wanafunzi kwamba kunde zetu hazina nyigu. Wiki iliyofuata binti mmoja wa kidato cha pili akaninyooshea kidole dirishani: kwenye kioo, pembeni, vinyigu weusi wanane wamejipanga wakitafuta mwanga. Walikuwa wamepita kwenye chandarua kama watu wanavyopita mlangoni. Tumia kipande cha kanga au shuka la pamba lililofumwa kwa kubanana. Chandarua kiweke pembeni, tutakihitaji baadaye.

Vifaa vingine: lenzi ya mkono (au simu yenye kamera nzuri), sindano, wembe, brashi ndogo ya rangi, karatasi nyeupe, penseli. Lebo iandike kwa penseli uiweke ndani ya kopo. Lebo za nje hudondoka.

Hatua ya 3: Hesabu punje 100, soma mayai

Kwa kopo la stoo na la sokoni, hesabu punje 100 bila kuchagua. Usiokote nzuri wala mbovu, chota tu na uhesabu. Maganda ya shambani weka 20 au 30 mazima, punje utazihesabu mwishoni.

Kabla ya kufunika, zipitie punje moja moja kwa lenzi uandike:

Yai angavu: limetagwa karibuni, buu bado. Yai jeupe: buu yumo ndani ya punje. Yai jeusi: litenge kwenye kichupa chake, huenda akatoka nyigu wa mayai, na ukimwona umeona kitu ambacho wakulima wengi hawajawahi kukiona.

Kisha angalia mayai yamegawanyika vipi. Jike wa fukusi huikwepa punje ambayo tayari ina yai akipata nyingine. Ukiona yai moja moja kwenye punje nyingi, wageni ni wachache na chakula bado kingi. Ukikuta punje moja ina mayai manne au matano, ujue kizazi cha pili au cha tatu kimekwisha pita na majike wamekosa pa kutagia. Hilo peke yake linakueleza umri wa tatizo bila kungoja mdudu atoke.

Jambo jingine la kutazama: punje yenye dirisha au tundu lakini haina ganda la yai popote. Hiyo ilivamiwa ikiwa bado ndani ya ganda lake, shambani. Kwenye kopo la stoo, zihesabu hizo peke yake. Yai lenyewe lilibaki juu ya ganda ulilolitupa wakati wa kupura.

Hatua ya 4: Weka mahali, ngoja, toa kila siku

Makopo yakae kivulini, pasipo moshi, mbali na dawa ya mbu. Yakiwa juu ya meza, miguu ya meza iweke kwenye vikopo vya maji yenye tone la mafuta, la sivyo sisimizi watamaliza utafiti wako usiku mmoja.

Kila siku, saa ile ile, fungua kopo juu ya karatasi nyeupe na utoe kila kilichotoka. Usiruke siku. Ukiwaacha fukusi ndani siku mbili tatu watapandana na kutaga upya, na mwezi ukiisha hutajua nani alitoka shambani na nani alizaliwa koponi. Fukusi waswage kwa brashi kwenye kichupa chenye maji ya sabuni. Nyigu ni wepesi, wanaruka: kabla ya kufungua, geuza kopo upande wa chini uelekee dirishani, watakimbilia mwanga, nawe ufungue upande wa giza.

Kuwatofautisha si kazi. Fukusi ana umbo la kunde iliyokatwa, mnene, kipara nyuma. Nyigu ana kiuno, mbawa nne angavu kama karatasi ya nailoni, na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko.

Andika tarehe, kopo, fukusi wangapi, nyigu wangapi. Daftari la safu nne linatosha.

Tahadhari moja. Kama wewe au watoto mnaanza kuwashwa mikono na tumbo baada ya kushika kunde zenye unga mwingi, huenda mmekutana na utitiri wa jamii ya Pyemotes. Huyo naye ni adui wa fukusi, hunyonya mabuu hadi wakafa, lakini anauma watu pia. Osheni mikono, badilisheni nguo, na kopo hilo lianikwe juani kutwa nzima.

Hatua ya 5: Soma matundu

Ikifika siku ya 40 na siku saba zimepita bila chochote kutoka, funga hesabu. Mwaga punje zote na uzigawe kwenye mafungu kwa lenzi: tundu kubwa la mviringo lenye ukingo safi, tundu dogo lenye ukingo uliotafunwa (mara nyingi liko katikati ya dirisha, nyigu naye hupenda kutokea pale palipokuwa pembamba), dirisha lisilofunguka, na punje nzima.

Zile za dirisha lisilofunguka zipasue kwa wembe. Polepole, ukishika punje kwa koleo. Hapa ndipo wanafunzi wangu hugombania lenzi. Utakuta pango laini lililochongwa, na ndani yake kimoja kati ya vitu vitatu. Fukusi mzima aliyekufa kabla ya kusukuma mlango. Au buu aliyekauka na ukungu. Au buu wa fukusi aliyebaki ngozi tupu, imenywea kama puto, na kando yake pupa mweusi mwembamba mwenye macho mekundu: nyigu ambaye hakuwahi kutoka. Tangu uone hivyo, neno "vimelea" halitakuwa tena neno la kwenye mtihani.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Jumlisha nyigu (waliotoka na uliowapasua), gawanya kwa nyigu na fukusi wote kwa pamoja, zidisha kwa 100. Tuseme kopo la stoo limetoa fukusi 31 na nyigu 9. Jumla ni 40. Tisa kwa arobaini ni asilimia 22.5. Hicho ndicho kiasi cha fukusi waliokamatwa.

Fanya hivyo kwa kila kopo na uyaweke pamoja, pamoja na tarehe. Usifadhaike kopo la shambani likitoa wadudu wachache mno. Wachache hao ndio mwanzo wa gunia zima.

Sasa, hesabu hii inakuambia nini?

Inakuambia kwamba nyigu huchelewa. Sisemi kwa kumlaumu. Ndivyo maisha yake yalivyo: hawezi kuzaliana mpaka mawindo yake yawepo kwa wingi, na mawindo yake yakiwepo kwa wingi kunde zako zimekwisha. Tena buu anayemtaka ni yule aliyenenepa, yaani aliyekwisha kula sehemu kubwa ya punje. Punje hiyo haikuokoka. Kilichookoka ni zile ambazo watoto wa buu huyo wangezila. Kwa hiyo mtu akikuuzia wazo kwamba uache stoo yako wazi "wadudu rafiki wafanye kazi", mwulize familia itakula nini wakati wanaifanya.

Lakini ukigeukia upande wa pili pia kuna hasara. Dawa ya unga inabaki juu ya punje, na buu yuko ndani. Anayetembea juu ya punje siku nzima, akiigonga kwa vipapasio, ni nyigu. Dawa ikipulizwa kwa kubahatisha, ikiwa kidogo au imepitwa na wakati, inammaliza mlinzi na kumwacha mwizi chumbani.

Rai yangu basi ni hii: wanaofaa kuachwa wafanye kazi ni nyigu wa nje, wa shambani na wa vichakani. Stoo uifunge mwenyewe.

Hatua ya 7: Funga stoo

Kwanza safisha kabla ya mavuno mapya. Fukusi wa kunde wana namna mbili za maumbile: wa kawaida wa stoo, wazito wasioruka vizuri, na wale wa kuruka, ambao hutokea zaidi pale punje zinapojaa wadudu na joto kupanda. Hao wa kuruka ndio wanaokwenda shambani. Gunia la zamani uliloliacha kona kwa kuwa "tayari limeharibika" ni kituo chao cha basi.

Vuna mapema. Maganda yakikauka yachume, usingoje shamba zima likauke kwa pamoja. Kila siku ganda linaposimama shambani limekauka ni siku ya kutagiwa. Pura, pepeta, kausha.

Kujua kama zimekauka, weka kunde kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo iliyokauka, tikisa, iache dakika kama kumi na tano. Chumvi ikigandamana ukutani, rudisha kunde juani.

Kisha zichome kwa jua. Tandika mkeka, juu yake plastiki nyeusi, tandaza kunde tabaka jembamba la sentimita 1 hivi, funika kwa plastiki angavu na ukandamize kingo zote kwa mawe. Joto la nyuzi 57 kwa saa moja linaua yai, buu, pupa na mdudu mzima, na jua kali la kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana hufika huko bila shida. Siku ya mawingu usijaribu, utawapa joto la kuwafurahisha tu. Ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunga, vinginevyo zitatoa jasho ndani ya mfuko.

Baada ya hapo ni kuzinyima hewa. Mifuko ya PICS, ambayo siku hizi watu wanaijua kwa mahindi, kazi yake ya mwanzo ilikuwa kunde. Ilianzia Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980. Ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa kufuma. Jaza, kamua hewa, sokota mdomo wa kila mfuko, ukunje, ufunge mmoja mmoja. Wadudu waliomo wanapumua hadi oksijeni inakwisha, wanaacha kula, na kwa kuwa maji ya miili yao wanayapata kwa kutumia chakula na oksijeni, wanakauka. Ukiufunguafungua kila jioni kuchota mboga umewarudishia uhai. Za kula wiki hii ziweke pembeni.

Kama una kilo tano tu huhitaji mfuko. Chupa za maji zilizokauka, ujaze hadi shingoni bila kubakiza nafasi, ukaze mfuniko. Au kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula kwa kila kilo, uchanganye hadi kila punje ing'ae. Mafuta huziba yai lisipumue. Hiyo ni kwa kunde za kula, za mbegu zisipake.

Hatua ya 8: Ndoo ya chandarua

Pumba, vumbi na punje mbovu ulizopepeta usizimwage nyuma ya stoo. Wengine huchoma. Kuku nao hawakatai. Mimi hutia kiasi fulani kwenye ndoo, na juu ya mdomo nabana kipande cha kile chandarua kilichoniaibisha. Tundu la chandarua cha kawaida ni zaidi kidogo ya milimita 1. Fukusi ni mnene, hapiti. Nyigu ana kiuno na mwili mwembamba, anapita. Ndoo inawafunga wezi na kuwaachia walinzi.

Ijaribu kwanza. Tia fukusi kumi ulio nao hai, ngoja hadi kesho, wahesabu. Wakiwa tisa, chandarua chako kimechanika au kina tundu kubwa. Kikifaulu, weka ndoo chini ya mti, kivulini, karibu na shamba la kunde au choroko, mvua isiingie, na uiache miezi miwili. Kisha mwaga mabaki kwenye moto.

Kwa wenye hamu ya kufika mbele kidogo, kuna hadithi inayofanana kwa mahindi. Dumuzi, ambaye watu wa Tabora walimpachika jina Scania, alitokea Amerika ya Kati na kuonekana Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Kwao alikuwa na adui, mende mdogo mweusi (si wale wa jikoni) aitwaye Teretrius nigrescens, anayemfuata kwa kunusa harufu ile ile ambayo dumuzi huitumia kuitana. Mende huyo aliachiwa Togo 1991 na Kenya 1992. Anaishi, anawinda, na kazi yake inaonekana zaidi vichakani, maana dumuzi huzaliana pia kwenye miti mikavu. Ndani ya kihenge, bado mkulima anahitaji mfuko usiopitisha hewa.

Hatua ya 9, kwa wafugaji na wapanda miti: mgunga

Kiangazi, migunga inapodondosha maganda yake yaliyojisokota, rudia kazi yote kwa mti ambao hakuna mtu anayeunyunyizia chochote. Hapa utaona vita yenyewe bila mkono wa binadamu. Chukua Vachellia tortilis, ule wa mwavuli, na ukusanye mafungu matatu: maganda yaliyokomaa lakini bado yako mtini, maganda yaliyolala chini kwa wiki kadhaa, na mbegu kutoka zizi la mbuzi. Mbuzi humeza maganda mchana na usiku, wakicheua, hutema mbegu nyingi. Chini ya zizi utaziokota kama kokoto.

Fukusi wa mgunga ni ndugu wa wale wa kunde, wengi wa jamii ya Bruchidius, na nyigu wao ni wa aina nyingi zaidi, wengine wana rangi ya kijani ya kung'aa. Makopo, kitambaa cha kanga, kutoa kila siku, matundu makubwa na madogo: yote ni yale yale. Tofauti utaiona kwenye fungu la zizi. Mwaka 1974 Lamprey, Halevy na Makacha waliandika juu ya jambo hili kwa migunga ya kaskazini mwa Tanzania: wanyama wakubwa wanaokula maganda hupunguza idadi ya mbegu zinazoharibiwa na fukusi. Mnyama akila ganda mapema, buu mchanga hufia tumboni. Akila limechelewa chini ya mti, fukusi alikwisha toka na mbegu ni ganda tupu. Ni yale yale ya kuwahi na kuchelewa, safari hii aliyewahi ni mbuzi.

Kwa hiyo ukitaka mbegu za kupanda, chuma mtini au okota siku ile ile zinapodondoka. Zimwage kwenye maji, tupa zinazoelea, nyingi zimetobolewa. Zilizozama zimwagie maji yaliyochemka na kuepuliwa, ziache zipoe humo humo hadi asubuhi. Zilizovimba panda. Ambazo hazikuvimba zina ngozi ngumu tu: zikwangue pembeni kwa tupa au msasa, upande mwingine na ule wa kitovu, zirudishe majini usiku mmoja zaidi. Za kutoka zizini panda kwenye mstari wake peke yake, na uandike kwenye kibao siku ulipoziokota.